Mgeni Juu ya Dekoda

Hii alinisimulia Athanasie mwenyewe, wa Kinyinya, Jumapili iliyopita tulipotoka misa, akicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa.

Mume wake, Léonce, ni mlinzi wa usiku. Akirudi asubuhi analala, lakini jua likipanda, bati linawaka, naye anageuzwa kitandani kama chapati. Ndiyo maana watafiti wa Rwanda na India walipotafuta nyumba za kupaka paa rangi nyeupe, waone kama joto litapungua, Athanasie aliwahi kunyoosha mkono.

Paa lilipokwisha kupakwa, jirani yake wa upande wa juu mlimani, Ndihokubwayo, alimpigia kelele: "Wewe Athanasie! Nyumba imekuwa yai! Ikianguliwa uniite!"

Acheke tu. Léonce alikuwa analala mpaka anakoroma.

Sasa, wale watafiti walikuwa wametundika kipimajoto kidogo kwenye msumari nyuma ya mlango, kinachowatumia vipimo chenyewe. Athanasie kilimkera. Kitu kimetoka India yote ile, kinaning'inia kama kitunguu? Akakishusha, akakitandikia kitambaa cha kufuma, akakikalisha mahali pa heshima: juu ya dekoda ya televisheni.

Baada ya wiki akaja Kaliza, mtafiti kijana wa hapa Kigali, na mwenzake Sunita wa India. Nyuso zimewashuka.

"Mama, tusamehe. Nyumba yako ina joto kuliko zote. Itabidi turudishe rangi ya zamani."

"Joto? Yesu Maria! Mwanangu, njoo usikie." Akamvuta mpaka mlango wa chumbani. Krrr, krrr. Jua la mchana liko utosini, na Léonce yuko mbali kabisa usingizini.

"Mama, kukoroma hatupimi."

"Basi mnapima nini?"

Sunita alikuwa ameshaona. Akaonyesha kwa kidole. Kaliza akagusa dekoda, akautoa mkono haraka kama aliyegusa pasi.

"Mama! Nani alikiweka hapa?"

"Mimi. Kwani mgeni anakaa nyuma ya mlango?"

Kaliza akamweleza Sunita kwa Kiingereza. Wakaziba midomo wasimwamshe mzee, mabega yanatikisika; Sunita akauma mtandio wake. Lakini Athanasie alipoangua kicheko chake, nyumba nzima iliamka. Léonce akatokea na shuka begani.

"Wanabandua paa?"

"Hapana, Baba! Tunapima upya."

Kipimajoto kikarudi kwenye msumari. Walipomaliza chai, Kaliza akaangalia simu yake, akaruka. "Mama! Mmeyashinda kwa ubaridi mabati yote yasiyopakwa ya huku! Paa linabaki jeupe!"

Athanasie akakunja kile kitambaa, akampa Sunita. "Basi heshima aichukue mwenye kitu."

Ndihokubwayo akaita kutoka juu: "Athanasie, hiyo rangi yenu imebaki kidogo?"

Athanasie akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Léonce alikuwa amesharudi kitandani, na wageni hawajamaliza kuvaa viatu, krrr, krrr, usingizi umemchukua.