Kiapo cha Usagara

Agutu alipostaafu uuguzi, kiinua mgongo chake alikiwekea nia moja tu: VX ya dizeli, iliyotumika lakini yenye heshima zake, ya kupelekea watalii Serengeti. Mashoga zake walimshauri afuge kuku. Kuku! Mwanamke aliyezalisha nusu ya wilaya, leo akahangaike na kuku? Siku ya kwenda kuchagua gari hakumwambia mtu, hata bintiye Akinyi, kwa kuwa ukitangaza Mwanza kwamba unanunua gari, madalali watakufuata mpaka kanisani.

Alilipata kwenye yadi moja, barabara ya kwenda Usagara. Jeupe, viti vya ngozi, vioo vyeusi, injini inanguruma kwa adabu. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu ambaye wenzake pale yadini walimwita Luhende.

"Shikamoo mama. Hili usiliache. Lilikuwa la mzee mmoja, analitoa Jumapili tu, kwenda kanisani."

"Marahaba. Haya, tulijaribu mpaka Usagara," Agutu akasema, akapanda mbele, kando yake.

Gari lilitulia barabarani, na moyo wa Agutu ukatulia nalo. Tayari alikuwa akiwaona wazungu wake kule nyuma, kamera shingoni. Lakini yeye ni mtoto wa wavuvi wa Mara, na Luhende alipowasha kiyoyozi, pua yake ilikataa. Harufu ile aliijua tangu utotoni. Ilikuwa ya tope la ziwa.

Walipofika Usagara alimwambia asimame. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Sehemu ya juu ilikuwa safi. Ile ya ndani, ambayo hakuna anayeivuta, ilikuwa imegandwa na tope, na gamba dogo la konokono likamwangukia kiganjani. Agutu alielewa mara moja. Madereva wa Mwanza huteremsha magari ufukweni kuyaosha, na anayesahau breki ya mkono hulikuta gari lake limekwenda kuogelea.

"Hili gari limezama ziwani," akasema.

"Mama, jamani! Hilo ni vumbi la mbugani tu."

"Vumbi la mbugani lina konokono?"

Kijana akaweka mkono kifuani, macho makavu. "Mama, mimi ni mtu ninayetaka kuoa. Jumamosi napeleka posa Nyakato, kwa Mama Akinyi, yule nesi mstaafu. Naapa kwa huyo mama mkwe wangu, gari hili maji ya ziwa halijawahi kuyagusa."

Agutu alishtuka mpaka gamba likamponyoka. Mama Akinyi, nesi mstaafu wa Nyakato, si ndiye yeye? Bintiye alikuwa amemtajia mchumba, mfanyabiashara fulani, kwa jina la Nathaniel. Alipotaka kumwonyesha picha, Agutu alikataa. Atakuja nimwone kwa macho yangu, alisema.

"Jina lako la kwanza nani?" akauliza.

"Nathaniel, mama."

Ee Mungu wangu! Kwao Agutu, mama hakai karibu na mkwe. Hawashikani mikono, hawali meza moja. Na yeye ametoka yadini bega kwa bega na huyu, tena sasa ameapiwa jina lake mwenyewe, kwa uongo, mchana kweupe. Akaufunga mlango wa mbele, akapanda nyuma, pembeni kabisa. Luhende akadhani mteja ameanza kujizoesha ubosi, akafurahi.

"Nipeleke Nyakato. Tutamalizia nyumbani."

Njia nzima alisema kulia na kushoto tu. Alikuwa akimwonea bintiye huruma mpaka kifua kinauma. Mtoto mpole, mlokole, mwenye kazi yake nzuri benki, anaingizwa mkenge namna hii! Akapanga maneno. Atamkalisha, atamshika mikono, atamwambia taratibu. Atalia, nao watalia pamoja, lakini posa hiyo haipokelewi. Afadhali machozi ya leo kuliko ya ndoa nzima.

Walipoingia mtaani, Akinyi alikuwa anatoka dukani na mkate mkononi. Aliliona gari, akacheka, akalikimbilia. Luhende, ambaye hajawahi kufika kwao, alishusha kioo huku akimkonyeza anyamaze, ajue kuna mteja. Wapi!

"Wewe, umefuata nini huku kabla ya Jumamosi?" Akinyi akasema. "Na hili la ziwani bado hujaliuza? Si nilikwambia upulizie manukato, halafu utafute mama mmoja mstaafu? Mimi nawaona kila siku pale dirishani kwangu. Wakishapata kiinua mgongo hawaulizi maswali."

Kioo cheusi cha nyuma kikashuka polepole.

Mkate ulimponyoka Akinyi. Maneno yote aliyoyapanga Agutu njiani yalikuwa ya mtoto mwingine. Alimtazama bintiye akingojea neno moja tu, lolote la kumwokoa, hata la uongo angelipokea.

"Mama," Akinyi akasema, machozi yakimlengalenga, "haki ya Mungu, sikujua kwamba angekupata wewe."