Matete ya Osogo

Phelesia aliacha omena, dagaa wa ziwani, nusu hajaianika, akasimama tena kuutazama mti wa ober karibu na choo. Kimya. Akarudi kwenye wavu, akatandaza konzi moja, akasimama tena.

Kiangazi chote aliwawekea osogo maji kwenye kifuniko cha sufuria, na makombo ya ugali. Ndege hao wa manjano walikunywa, wakala, wakagombana. Sasa mvua imeshuka, Rusinga yote ni kijani, wakati wa kusuka viota umefika, nao hawaonekani mtini. Na leo mwanawe Willis anakuja kutoka Awendo. Krismasi alipomwomba ahamie kwake, Phelesia alijibu mbele ya watu: "Boma lenye osogo halijafa. Wasipojenga mvua ijayo, nitakufuata."

"Mama Willis, shingo itavunjika!" jirani yake Rael aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Hao wameenda Tanzania kununua sukari."

"Wewe cheka tu."

Ndipo akaliona pengo kando ya ua, pale palipokuwa na matete. Willis mwenyewe aliyafyeka Pasaka, akiogopa nyoka. Osogo husuka kwa nyuzi za majani mabichi. Sasa nani atajenga bila kamba?

Alishuka ziwani karibu kukimbia. Aliporudi na mzigo wa matete kichwani, vidole vimechanika, gari la Willis lilikuwa uani, na yangeyange weupe wamejaa kwenye wavu.

"Mama, omena yako inaliwa!"

"Waache wale. Shika huku."

Waliyafunga matete wima kwenye ua. Phelesia akakaa. Akainuka. Akakaa.

Osogo mmoja dume akaja. Aliuma ukingo wa jani, akachana uzi mrefu, akaruka nao. Akaupita mti wa ober. Akatua kwenye mti wa Rael.

Rael alipiga kigelegele. "Karibu, mgeni wangu!"

Willis alijaribu kutocheka. "Basi, Mama. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema wajenge. Kwa nani, sikusema."

"Aa, Mama!"

Lakini sauti ya Phelesia ilikuwa imetetemeka, na alijua Willis ameisikia. Akachukua panga, akashika tena njia ya ziwani kukata matete zaidi, bila kugeuka.

Willis alibaki ameushika mlango wa gari, hajaufungua, hajauacha.