Diwani Aliyeizuia Helikopta

Diwani Kornelio Ryoba alikuwa na mdomo uliotangulia miguu yake. Aliposikia tu kwamba helikopta inakuja, na kabla hajamuuliza mwenye nayo, alikwisha kutangaza kwenye harusi moja kule Machochwe kwamba Jumatano atashuka kutoka angani, katikati ya uwanja wa mnada wa ng'ombe, wananchi wayaone maendeleo kwa macho yao.

Helikopta yenyewe ilikuwa ya kampuni moja inayobeba watalii na wagonjwa. Rubani wake mkuu, Robi, binti wa kijiji cha Itiryo, alikuja kwa gari kuomba uwanja ule amfundishie mwenzake, Ashrafu, jinsi ya kutua injini moja inapokufa.

"Shikamoo, baba," alisema. "Helikopta yetu ina injini mbili. Nitaipunguza moja mpaka iwe kama imezima, naye ashuke kwa ile iliyobaki. Hapo haikai taratibu kama kuku juu ya mayai. Inakuja kwa mwendo, inagusa chini na kuteleza. Kwa hiyo naomba Jumatano uwanja uwe mtupu kabisa."

"Uwanja umepata, mwanangu. Mimi nitakaa kiti kipi?"

"Hakuna kiti, baba. Mazoezi haya hayabebi abiria."

"Mimi si abiria. Mimi ni diwani."

Robi akacheka akidhani ni utani, akaaga akaenda zake.

Mwingine angerudi kwa watu akasema safari imeahirishwa. Kornelio alitafuta njia. Pembeni mwa uwanja palikuwa na josho la zamani la ng'ombe. Angejificha humo, helikopta ikitua na kutimua vumbi, angekimbilia ndani ya vumbi hilo, kisha angetokea upande wa pili akipunga mkono, kama mtu aliyeshuka sasa hivi. Mpango huo alimwambia mkewe, Waisiko, peke yake.

"Na panga lile la juu likikukata kichwa?"

"Nitainama."

"Tangu unioe sijakuona ukimwinamia mtu."

Jumatano ikafika. Watu walijaa nyuma ya kamba iliyozungushiwa uwanja, akina mama wakiimba. Kornelio alikuwa amechuchumaa ndani ya josho, suti yake nyeusi ikinuka dawa ya kupe. Helikopta ikaja, pua juu kidogo, ikishuka. Akahesabu moyoni, akachomoka mbio.

Kitu kimoja hakukikumbuka: mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Hapakutimka hata punje ya vumbi.

Akajikuta katikati ya uwanja, mchana kweupe, na chuma kile kinamjia moja kwa moja. Miguu ikagoma. Akatanua mikono yote miwili, si kwa ushujaa, bali kama mtu anayejikinga na fahali. Helikopta ikanguruma, ikainuka, ikapita juu yake na kumvua kofia na kiatu kimoja.

Watu wakasukumana kwenye kamba. Kisha mzee Sylvester, mfugaji aliyekuwa mbele ya wote, ambaye kama wenzake aliogopa siku zote kwamba hifadhi itasogeza mpaka imeze malisho yao, akapaza sauti: "Walikuja kupanda mawe ya mpaka wa hifadhi! Diwani amewafukuza!"

Vigelegele vikapasuka. Wanaume wakaruka kamba, wakambeba Kornelio mabegani.

Helikopta ikazunguka, ikatua mbali, injini zote mbili zikifanya kazi. Robi akaja kwa hatua ndefu, uso umemvimba kwa hasira.

"Baba, unataka kufa? Ashrafu angeshuka kidogo tu zaidi, kwa injini moja asingeweza kupanda tena! Ulikuwa unafanya nini pale?"

Kornelio akamtazama Robi, kisha akawatazama waliombeba. Tangu wamchague, hawajawahi kumtazama hivyo. Kwenye mikutano yake hutazama simu. Moyo ulimwambia sema kweli. Mdomo, kama kawaida yake, ukatangulia.

"Waambie waliokutuma," akanguruma, "ardhi hii ina wenyewe!"

Robi akawageukia watu, akawaeleza kwa Kikurya kwamba haya ni mazoezi tu, hana jiwe wala habari ya mpaka.

"Ndivyo walivyokuagiza useme," Sylvester akamjibu kwa upole. "Hatukulaumu, binti yetu."

Marubani wakaenda kumalizia mazoezi yao kule Nyansurura.

Uchaguzi ulipofika, Kornelio alipita bila mpinzani. Lakini raha hana. Kila mlio wa helikopta ukisikika, watu hugonga geti lake: "Diwani, imekuja!" Naye huacha ugali mezani, huvaa suti, hutangulia uwanjani na fimbo, kundi zima likimfuata.

Juzi imepita tena, juu sana, ikipeleka watalii mbugani. Kornelio akatanua mikono. Helikopta ikaenda zake bila kumwona, na watu wakashangilia mpaka wakakauka koo.

Aliporudi nyumbani, Waisiko akamtazama matope ya suruali.

"Vua niifue," alisema. "Wanasema kesho zinakuja mbili."