Habari Zije na Miguu

Ukikaa kule kwa Thobias, juu ya Nyandira, mgeni wako unamwona asubuhi na kumkaribisha mchana. Njia inazunguka mlima, inaingia korongoni, inapotea nyuma ya miti ya matunda, inatokea tena juu kidogo, na mtu wako bado yuko palepale kama mdudu ukutani. Zamani magari yalifika. Mvua ilipoikata barabara, wakubwa walikuja, wakasimama pale ilipokatika, wakapigwa picha, wakashuka. Shimo liko mpaka leo.

Asubuhi hiyo Thobias alikuwa anakamua mbuzi. Akainua kichwa, akaona msururu.

Watu kama kumi, wamefuatana, wanapanda taratibu. Mbuzi akarusha teke, maziwa yakamwagika, na yeye wala hakutazama chini. Watu kumi hawaupandi mlima ule kwa pamoja hivihivi. Ni harusi au ni msiba, na harusi mtu huambiwa mapema.

Thobias alibakiwa na mtu mmoja tu duniani, Hosiana, binti yake, aliyeolewa Turiani na kijana wa kiwanda cha sukari. Alipokuja Pasaka tumbo lilikuwa limeshachomoza. Siku zake za kujifungua zilikuwa zimepita zamani, na hakuna aliyekuja kusema lolote.

Mtu mwingine angepiga simu. Thobias hana simu, na si kwamba imemshinda kununua. Hataki. Alikuwa nayo. Paskalia, mke wake, alipozidiwa, zahanati haikuwa na gari wala dawa. Dawa zote zilikuwa kwenye hotuba. Wakamshusha kwa machela ya miti, akapelekwa mjini, na Thobias akaambiwa abaki na mbuzi, atapigiwa. Hakupigiwa. Ulikuja ujumbe, ukamkuta katikati ya kabichi. Shule yake iliishia darasa la tatu, anasoma kwa kukatakata, basi akausoma hivyo: mgo-njwa, wa-ko, ka-fa... Akasimama hapo. Alikaa na lile neno bila kulimaliza, maana aliona akilimaliza ndiyo basi tena. Hajalimaliza, simu ikalia upya: hongera, umechaguliwa, cheza ushinde. Aliyeandika ule ujumbe wa kwanza ni nani, hajui mpaka leo. Namba tupu, haina jina, haina uso.

Baada ya maziko aliipeleka ile simu kwa mtendaji wa kata, akaiweka mezani. "Hii ni yenu. Mwenye habari yangu aje na miguu, nimwone usoni." Mtendaji akacheka, akamwambia basi mbolea ya ruzuku ataisikia kwa jirani, kwa sababu namba zake zinakuja kwenye simu. Na kweli ameikosa. Analimia samadi ya mbuzi, na akikutana na mkubwa yeyote njiani humwuliza kama samadi nayo siku hizi inasajiliwa.

Sasa habari ilikuwa inakuja na miguu kama alivyotaka, na ilikuwa inakuja polepole mno.

Alisimama ukingoni mwa shamba akijaribu kuwatambua. Wa mbele, yule mrefu, ni Victor, mkwe wake. Nyuma yake wanawake, khanga viunoni, mmoja na furushi kichwani. Akatafuta mwendo wa Hosiana. Anaujua, mkono mmoja gotini, mama yake alipanda hivyohivyo. Hakuuona. Akaanza tena kutoka nyuma kuja mbele. Hajafika katikati, wingu likateremka kutoka kule juu kileleni Lukwangule, zito, jeupe, likaimeza njia na watu wake wote.

"Wewe kizee, siku hizi unawanywesha sisimizi maziwa?"

Alikuwa Mwinshehe, jirani yake na mtani wake wa ukoo, jembe begani.

"Kuna watu wanapanda," Thobias akasema. "Victor yuko mbele. Hosiana simwoni."

Mwinshehe akashusha jembe. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu. "Hapa kwenye jiwe mtandao unashika. Namba ya Victor ninayo. Dakika moja tu, mtani wangu, roho yako itulie."

Thobias akaipokea. Ilikuwa ya vuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi.

"Bonyeza hicho cha kijani."

Akakitazama kile kijani. Kidole chake kilikwenda, kikarudi. Akamrudishia mwenyewe.

"Atanijibu bila uso."

"Uso wa nini tena? Habari ni habari!"

"Ile ya Paskalia uliisoma wewe?"

Mwinshehe akairudisha simu mfukoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Haya, mbishi. Kaa usubiri. Wakifika watakukuta umekauka."

"Sikai."

Na alikuwa ameshaanza kuteremka.

"Viatu!" Mwinshehe akapiga kelele. "Kizee, hujavaa viatu!"

Ndani ya wingu mlima ulikuwa mwingine. Thobias alizaliwa pale, lakini hajawahi kuusikia hivi. Maji yaliyokuwa yanaanguka mwambani, mbali, yalisikika kama yanamwangukia begani. Majani yalidondosha matone moja moja. Ndege wote kimya. Aliona hatua mbili mbele yake tu, na nyuma ya hizo hatua mbili akahisi ukubwa wa ule mlima, umesimama, umebana pumzi pamoja naye. Akajiona mdogo kuliko mbuzi wake.

Kisha miguu. Mingi, inakokota mawe. Hakuna anayeongea, hakuna anayeimba. Watu wa msiba ndivyo wanavyopanda, aliwaza. Kwamba watu wa bondeni nao hupanda hivyohivyo kwa kukosa pumzi, hilo halikumjia kabisa.

Victor akatokeza, macho mekundu, mdomo wazi. "Shi... shikamoo, baba."

"Sema."

Victor akainama, akashika magoti, akapunga mkono.

"Sema, mwanangu!"

Victor akaonyesha nyuma. Thobias akampita. Akatokea mwanamke, Thobias akamtazama usoni, akampita. Akatokea mwingine, naye akampita. Kila uso uliotoka kwenye lile wingu ulikuja umelowa, na hakujua ni jasho au ni machozi. Hatimaye akamkuta mama yake Victor, mwanamke wa mwili, amejitupa juu ya jiwe.

"Mkwe wangu," akahema, "huku mnaishi au mmejificha?"

Mtu mwenye maiti hasemi hivyo. Na nyuma ya lile jiwe, mkono mmoja gotini, akaja Hosiana.

"Shikamoo, baba."

Alimshika uso, paji, mashavu, kidevu, kama kipofu.

"Arobaini imetoka juzi," Hosiana akasema. "Victor alitaka kumpigia baba Mwinshehe siku ileile niliyojifungua. Nikamkatalia. Nikamwambia baba anataka uso. Basi nimekuletea."

Akageuka, akaifungua khanga mgongoni.

Thobias akautazama ule uso. Uso ambao Pasaka ulikuwa haujaonekana na mtu yeyote, umepandishwa mlima wote huu kuletwa kwenye ukoo wa mama yake, na wenyewe umelala tu, umekunja midomo, haujui kama kuna wakubwa wala barabara mbovu.

"Thobiaaas!" Mwinshehe aliita kutoka juu, ndani ya wingu. "Nani kafaaa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Thobias akajaza kifua.

"Hakunaaa! Hosiana kazaaa!"

Sauti ikaenda. Kabla haijaisha, mama mmoja aliyekuwa anachuma njegere upande wa kulia, asiyeonekana, akaidaka na kuitupa mbele: "Hosiana wa Thobias kazaaa!" Korongo likaijibu. Mwanamume akaipokea chini zaidi, mwingine ng'ambo. Vigelegele vikaanza, kimoja juu, viwili bondeni, kisha vikawa havina mahali, wingu zima linalia. Habari ilikuwa inafika kwa watu ambao Thobias hakumtuma mtu kwao, watu ambao hajui hata wanalima nini. Alisimama peku kwenye matope, nywele zimemsimama, akiisikiliza inavyokwenda.

Kutoka mbali kabisa, ng'ambo ya pili, ikarudi sauti nyembamba ya mwanamke mzee:

"Anaitwa naniii?"

Thobias akamgeukia binti yake. Hata yeye alikuwa hajauliza.