Siyo Mimba, Mama

Kila asubuhi, kabla Aminiel hajaamka, Anande alijifungia bafuni na wembe. Alinyoa kidevu, akanyoa chini ya taya, akapaka losheni, akatoka kama mtu aliyekwenda kupiga mswaki tu. Miaka mitano ya ndoa, mumewe hakuwahi kuuliza. Saluni kwake Kijenge aliwachonga nyusi wanawake waliomsimulia habari za mimba zao na waume zao, naye akaitikia, "Ehe, ikawaje?" Za kwake hakuwa na wa kumsimulia.

Hedhi ilimjia ilivyotaka yenyewe. Safari hii ilipopotea miezi minne, alikwenda hospitali peke yake. Daktari, mama wa makamo, alimpitishia kipimo tumboni, akautaja ugonjwa kwa herufi nne za Kiingereza, kisha akamfafanulia kwa Kiswahili: homoni zimevurugika, mayai hayapevuki inavyotakiwa. Ndiyo maana damu haiji, ndiyo maana ndevu, ndiyo maana mwili unanenepa hata akijinyima.

"Hauko peke yako," daktari alisema. "Mko wengi sana."

Anande alipotoka aliwatazama wanawake waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri. Kama wenzake walikuwemo, hakumtambua hata mmoja.

Alianza vidonge bila kumwambia Aminiel. Aminiel alikuwa dereva wa watalii. Akirudi nyumbani Levolosi alikuwa hoi, na Anande akajiambia atamweleza siku akiwa ametulia. Vidonge vilimchafua tumbo vibaya.

Katika siku hizo wifi yake Lilian alijifungua, akaletwa kwa mama yake alelewe uzazi. Jumamosi Anande alifunga saluni, akapanda huko mlimani, juu ya Tengeru, akakuta mama mkwe wake, Mama Susana, anamenya ndizi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Heee, umenenepa wewe! Njoo unisaidie mtori wa mzazi."

Nyama ilikuwa jikoni tayari. Anande alipofunua sufuria, mvuke wa mafuta ya ng'ombe ukampiga usoni. Aliuacha mwiko, akakimbilia migombani, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Alipoinuka, mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, kisu mkononi.

"Umeanza lini?"

"Wiki iliyopita, mama. Nitapoa tu."

"Na siku zako?"

Anande alijifuta mdomo. "Sijaziona muda."

Mama Susana alikiangusha kisu, akamkumbatia. Alikuwa mwanamke mkavu, wa kusalimia na kuendelea na kazi. Tangu harusini hakuwahi kumgusa hivyo. Alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha kitandani kando ya Lilian na kumfunika khanga miguuni. Lilian alisogea, akacheka, akamwekea kichanga mapajani. "Mwenzangu! Wataongozana hawa."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini mtori ulipoiva mama mkwe alikuja na bakuli la kwanza kabisa, lililokuwa la mzazi, akampa yeye. Anande akajikaza, akanywa. Kichanga kilikuwa na joto mapajani, na watu wawili walikuwa wanamtazama kwa upendo. Akajipa dakika moja zaidi, kisha nyingine.

Alishtuka kusikia sauti ya mumewe. Mama Susana alikuwa amempigia simu na kuweka spika. Aminiel alikuwa hifadhini, Momela, na wageni wake.

"Baba, mke wako ana mimba!"

Aminiel akacheka, kicheko kikamkatikia katikati. "Mama, usinitanie." Wakasikia anavuta pumzi. "Anande? Ni kweli?"

Angeweza kunyamaza hata hapo. Lakini ile pumzi alishindwa kuivumilia.

"Siyo mimba," alisema. "Ni dawa ninazokunywa. Mayai yangu hayapevuki, Aminiel. Daktari ameniambia. Hata hizi ndevu ni huo ugonjwa."

Neno *ndevu* lilibaki chumbani. Lilian aliinamisha macho.

"Tutaongea," Aminiel alisema. "Wageni wananisubiri." Simu ikakatika.

Mama Susana alikichukua kichanga taratibu, akampa Lilian. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alitoka nje, na Anande akamsikia akimenya ndizi za jioni. Alipomfuata, mama mkwe alisema bila kuinua uso, "Usiwaambie watu wa kanisani. Nitakuombea mwenyewe."

"Siyo dhambi, mama. Ni ugonjwa."

"Nimesikia." Kisu kiliendelea. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, "Huo ugonjwa unauma?"

"Hapana. Hauumi."

Mama Susana aliitikia kwa kichwa kana kwamba maumivu ndiyo angeyaelewa kwa urahisi zaidi.

Anande alirudi mjini mchana uleule. Hakuna aliyemsindikiza hadi barabarani.

Aminiel alifika jioni, vumbi hadi kwenye kope. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni.

"Kwa hiyo hatutapata mtoto?"

"Daktari hakusema hivyo. Amesema kuna dawa, na wengi hupata. Inaweza kuchukua muda."

"Uliniacha nikafurahi mbele ya wageni."

"Sikujua kama mama anapiga simu."

"Ungeniambia kabla. Mimi nikiwa peke yangu."

Alikuwa na haki. Anande alitaka kumwambia kwamba hata yeye alikuwa peke yake, lakini mumewe alikuwa ameshageuka. Aminiel alitoka nje, akafungulia mpira wa maji, akaanza kuosha gari. Anande alikaa kwenye kochi akisikiliza maji yakipiga bati, muda mrefu kuliko gari lolote linavyohitaji.

Kisha maji yakanyamaza.

"Hizo dawa," Aminiel aliuliza kutoka nje, "unakunywa kabla ya kula au baada?"

"Baada."

Maji yakafunguliwa tena.