Bahari ya Hapa Haina Neno

Watu husema rahisi ni ghali, lakini waliosema hivyo hawakuwa na pacha wa kulisha na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Fundi Rangi aliulizia nyumba ya wageni ya bei ya chini kuliko zote katika mji ule mdogo wa pwani, akaipata. Kibao cha mlangoni kilidai kuwa bahari iko hatua chache tu. Hakikusema hatua za nani. Mbele kulikuwa na mahoteli makubwa yaliyojipanga na kuikumbatia bahari yote, nyuma yake maduka, nyuma ya maduka dampo, na nyuma ya dampo ndipo ilipokuwa nyumba ya Bi Kicheko, choo kimoja kwa vyumba sita, feni iliyozunguka ikijisikia. Chumba chao kilipakwa rangi ya waridi juu ya ukungu bila kukwangua kwanza. Fundi aligusa ukuta kwa kidole, akaguna. Kazi ya mtu mvivu ataijua hata akifumba macho.

Safari ile aliiita mapumziko, na mkewe, Mama Kinda, naye akaiita hivyo hivyo. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anadanganya, ila hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Kinda alikuwa mtoto wao wa kwanza. Miaka mitatu nyuma, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alikuja mji huu na wanafunzi wenzake, na hakurudi. Maji yalichukua watoto wawili. Mmoja alipatikana jioni ile ile. Kinda hakupatikana kabisa.

Wakati huo Mama Kinda alikuwa amelazwa hospitali na mimba ya pacha isiyotaka mtikisiko, kwa hiyo aliyekuja ni Fundi peke yake. Alisimama mchangani akiwatazama wazamiaji wakishuka na kupanda mikono mitupu, hadi wakamshika bega wakamwambia, mzee, rudi nyumbani ukalee waliobaki. Akarudi. Hilo ndilo kosa lake mpaka leo. Mama Kinda alikataa kukaa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hata kiatu chake hakuletewa. Serikali ilitoa karatasi yake yenye muhuri, akaikunja akaiweka chini ya mguu wa kabati lililokuwa linayumba. Pacha walizaliwa, akawalea vizuri tu, wasafi na walioshiba, lakini kama mtu anayemtunzia jirani watoto wake. Sokoni akiona kijana mwenye kisogo cha Kinda anaacha kapu na kumkimbilia.

Fundi hakutaka mengi. Alitaka mkewe apaone mahali penyewe, ayasikie maneno kutoka vinywani mwa wale waliozamia, alie mpaka achoke, kisha arudi nyumbani kwa pacha waliobaki na jirani, waliokuwa ndio kwanza wanaunganisha maneno. Alijua mkewe amekuja kwa sababu nyingine: amekuja kumtafuta mtoto. Aliona bora waje hivyo hivyo, kila mtu na lake. Ukweli utajionyesha wenyewe. Maskini Fundi, aliamini ukweli una miguu.

Walishuka ufukweni asubuhi kupitia kichochoro kati ya kuta mbili za hoteli, wamebeba mkate, mayai ya kuchemsha na dumu la maji, maana soda ya pale ilikuwa na bei ya kiatu. Mama Kinda alivua kandambili, lakini hakusogelea maji. Alikaa mbali na kutazama vijana waliokuwa wakipita.

Fundi alimtafuta mama muuza madafu. Siku zile mwanamke huyu alimkatia dafu bure, akakaa naye mchangani, akalia naye mpaka mtandio ukalowa. Alimpata pale pale, chini ya mwavuli mpya, wageni wamemzunguka. Fundi alimsalimu, akamuuliza kama anamkumbuka. Mwanamke alimtazama kidogo tu, kisha akarudisha macho kwenye panga lake. Wageni ni wengi, baba, alisema, atawakumbuka wangapi. Hapo Mama Kinda akasogea na kuuliza yeye mwenyewe kama kuna watoto waliowahi kuzama hapa.

"Hapa? Hapana, mama," muuza madafu alijibu, sauti kubwa ya kuwafikia wote. "Bahari ya hapa haina neno. Kama una mtoto, mlete tu aoge."

Wakamwendea mpiga picha, akasema haina neno. Wakamwendea anayekodisha viti, naye akasema haina neno, tena maji ya hapa hata bibi yake anaoga. Fundi aliwakumbuka wote wawili. Mpiga picha ndiye aliyemwazima simu siku ile. Lakini kila alipoulizwa mtu, kulikuwa na mgeni karibu, na mgeni alikuwa na masikio. Jibu likatoka lile lile, na kila lilipotoka uso wa Mama Kinda ulizidi kufunguka. Ilipofika mchana alikuwa amekula yai zima na kipande cha mkate, yeye ambaye nyumbani hula kwa kubembelezwa. Akamgeukia mumewe.

"Baba Kinda, hivi kweli ulikuja hapa wewe?"

Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Fundi. Aliuliza kama mtu aliyepata habari njema na sasa anamsamehe aliyemletea mbaya. Fundi alimshika mkono akamvuta hadi kwenye ubao uliosimama juu ya mchanga, ulioandikwa KARIBUNI kwa rangi ya buluu. Yeye ni mtu wa rangi. Aliona mara moja kwamba chini ya ile buluu kuna herufi nyingine zilizovimba. Alitoa ufunguo akaanza kukwangua, na taratibu ikajitokeza nyekundu, herufi baada ya herufi, hadi neno HATARI likawatazama. Alimwonyesha mkewe kama anayemwonyesha kaburi.

"Hata kwenye nguzo ya umeme wameandika hatari," alijibu Mama Kinda. "Kila nguzo imeua mtu?"

Jioni, mkewe alipokwenda kuoga, Fundi alimfuata Bi Kicheko jikoni. Mama huyu alicheka kwa lolote: maji yakikatika anacheka, mgeni akilalamika kunguni anacheka. Fundi alipomtajia watoto wale, kicheko kilikatika. Alifunga mlango wa jikoni kwa kisigino na kumweleza kwa sauti ya chini. Baada ya ajali ile mabasi yalipita bila kushusha mtu. Mahoteli makubwa yana akiba, yalivumilia. Wadogo ndio waliokiona cha mtema kuni, mpaka wakauza vitanda. Hakuna kikao kilichokaa wala aliyetoa amri, lakini kila mtu alijifunza kujibu. Sasa hata watoto wadogo wanajua.

"Kaka yangu, nakuhurumia mpaka mfupani," alisema. "Lakini usiniulizie mambo hayo mbele ya wageni. Nami nina wanaonitegemea."

Fundi alimuomba kitu kimoja tu, amwelekeze anakokaa Pweza, mzamiaji aliyemtoa yule mtoto mwingine na kumtafuta Kinda kwa siku zote zile. Bi Kicheko alisita, kisha akamwelekeza. Pweza hakuwa anazamia tena, siku hizi alikuwa na mashua ya kuwatembeza wageni kutazama samaki, na wengi wa wageni hao walitoka kwa Bi Kicheko.

Pweza alikuwa akitia jembe mpini mpya uani kwake. Hakumuuliza Fundi yeye ni nani. Aliacha jembe, akamkumbatia, akamwita Baba Kinda. Fundi alitokwa na machozi pale pale, si ya mtoto, ni ya kutambuliwa. Kwa hiyo alikuja kweli. Hakuota. Walikaa kwenye kizingiti, na Pweza akamweleza tena bila kuficha: kuna uwazi kati ya miamba, maji yakijaa ni bwawa la watoto, maji yakianza kukupwa yanavuta kila kitu kwenda kilindini, na aliyevutwa pale harudi. Fundi alimsihi ayaseme hayo kwa mkewe. Pweza alikubali. Mama ana haki yake, alisema, nitakuja asubuhi kabla hamjapanda basi. Usiku huo Fundi alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu wafike.

Asubuhi ukumbi ulikuwa na watu. Familia mpya ilikuwa imeshushwa alfajiri: bwana mmoja mwenye kitambi na maneno mengi, mkewe, na watoto wao wawili ambao tayari walikuwa wamevaa kaptura za kuogelea na hawashikiki. Bi Kicheko alikuwa anamimina chai na kucheka. Mabegi ya Fundi yalikuwa karibu na ngazi. Pweza akaingia, amevaa shati safi, akavua kofia.

"Mke wangu," Fundi alisema, "huyu ndiye aliyezamia. Muulize."

Mama Kinda aliweka kikombe chini. Alimtazama Pweza kwa uso ule uliokuwa umefunguka tangu jana, uso ambao Fundi hakuwa ameuona tangu Kinda alipoondoka nyumbani akiwa amebeba mkoba mgongoni.

"Baba, wewe bahari unaijua. Kuna mtoto aliyefia hapa?"

Watu waliacha kutafuna. Pweza aliwatazama wale watoto wenye kaptura. Akamtazama Bi Kicheko aliyesimama na birika, hacheki. Kisha akamtazama Mama Kinda machoni. Fundi hakujua hata baadaye kama kilichomshinda yule mtu kilikuwa mkate wake au huruma.

"Hapana, mama," Pweza alisema. "Hakuna."

Na hapa pana jambo ambalo Fundi hatamwambia mtu. Moyo wake uliruka. Kwa pumzi moja tu, yeye aliyesimama mchangani akaona wazamiaji wakitoka mikono mitupu, alifurahi, akageuka kutazama njia kana kwamba kuna mtu anakuja. Halafu akili ikamrudia, na kurudi kwake kulimuuma kuliko siku ya kwanza.

Mwenye kitambi alikuwa amesikiliza yote, akapumua kwa raha. Alimgeukia Fundi, mgeni kwa mgeni, kama watu wanavyoulizana bei ya nyanya.

"Afadhali, maana hawa wangu hawajui kuogelea vizuri. Nyie mmekaa, ndugu yangu. Maji yakoje? Niwaache waingie?"

Mama Kinda naye alikuwa anamtazama. Hakuwa anamwomba, alikuwa anamngoja. Macho yake yalisema, sema basi, dunia yote imeshasema, umebaki wewe. Fundi alielewa kwamba neno moja tu, lile ambalo kila mtu pale mjini hulitoa bila jasho, lingemrudishia mke aliyempoteza kwa miaka mitatu, na wangepanda basi pamoja wakiwa na tumaini la uongo, lakini pamoja. Mtoto mdogo wa yule bwana alikuwa anamvuta baba yake kidole. Aliuliza bahari inafunguliwa saa ngapi.

"Usiwaingize," Fundi alisema. "Mwanangu alifia hapa. Maji yakikupwa yanavuta, na hawapati hata nguo yako."

Miaka mitatu hakuwahi kuyasema maneno hayo mbele ya mkewe. Birika la Bi Kicheko liligonga meza. Pweza alivaa kofia yake na kuondoka bila kuaga, ameinamisha kichwa. Yule bwana alimwita mkewe pembeni, na haikupita hata dakika tano mizigo ilianza kutoka tena chumbani, watoto wanalia na kumtazama Fundi kwa chuki kama mtu aliyewavunjia kitu chao kwa makusudi. Watakuwa hai, wataendelea kumchukia, na hawatajua.

Mama Kinda hakulia. Fundi alikuwa ameomba kilio kile kwa miaka, na sasa angepokea hata matusi, lakini mkewe aliinuka polepole, akauchukua mfuko wake kutoka kati ya mabegi.

"Nilikuwa najiambia, wamzike wote, lakini baba yake hatamzika," alisema. "Leo umemzika mbele ya watu, chai ikiwa mezani."

"Mama Kinda, twende nyumbani. Wale wadogo wanakungoja."

"Mara ya kwanza ulimwacha hapa ukarudi. Basi rudi tena, njia unaijua. Mimi nitamngoja."

Bi Kicheko, ambaye dakika chache nyuma alikuwa tayari kumrarua Fundi kwa kumfukuzia wageni, aliupokea ule mfuko. Alisema mashuka ni mengi na mikono haitoshi, mama anaweza kukaa naye na kumsaidia kufua. Alisema kwa wema kabisa. Fundi alimsihi mkewe, akamshika mkono, akauachia alipoona hata hapingi, ni kwamba tu mkono hauna mtu ndani. Basi lilipiga honi mbele ya maduka. Alikwenda, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wawili wasioweza kujipikia.

Alipata kiti cha dirishani. Safari ile ya kwanza, pamoja na uchungu wote, alikuwa na jibu la kurudi nalo: bahari imemchukua. Sasa pacha watakimbilia mlangoni na kuuliza mama yuko wapi, na bahari, ambayo mkewe hakutia hata unyayo ndani yake, safari hii haikuwa na kosa lolote.