Nyayo Juu ya Maji

Mwuza mchicha alikuwa ameinamia beseni, akisuuza mafungu yake ya asubuhi, alipoona nyayo za paka zimepita juu ya maji. Zilianzia ukingo mmoja zikaishia wa pili, ndogo, za mviringo, kila mmoja na vidole vyake. Paka mwenyewe hakuwepo. Akayakoroga maji kwa mkono; yalipotulia, nyayo zikarudi mahali pake. Akamaliza kusuuza, kwa sababu wateja walikuwa wakisubiri.

Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa limeziona. Zilikuwa kwenye majani ya mboga, kwenye udongo wa bustani iliyo nyuma ya vibanda, kwenye ndoo za maji yaliyotekwa kwenye tangi la soko, hata ndani ya nyama ya mbuzi ukiikata. "Kisu changu safi," alisema mwuza nyama, akaifuta nyama kwa kitambaa. Nyayo zikabaki. Watu wakashauriana kidogo, kisha wakaendelea kununua. Mpishi wa pale sokoni ndiye aliyegundua kwamba maji yakichemka sawasawa nyayo hufutika, na nyama ikiiva mpaka ndani hufutika pia.

Mwuza mchicha alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilitoka mwaka uliotangulia, na mama mkwe wake hakuchoka kueleza sababu: huyu ana kichwa kigumu, anabeba matenga mazito. Alieleza majirani, alieleza wageni, akamweleza na mwanawe fundi baiskeli, ambaye aliinamia gurudumu lake.

Kwa hiyo asubuhi aliyoamka akakuta nyayo mbili ndani ya ngozi ya mkono wake, zikielekea juu, hakumwambia mtu. Alizisugua kwa sabuni. Nyayo za viganjani, alizozipata akipalilia bustani, zilikuwa zikitoka kila siku akinawa; hizi hazikutoka. Kesho yake zilikuwa kwenye kiwiko.

Muuguzi wa zahanati alimshika mkono, akaugeuzia dirishani.

"Ni kijidudu kinaitwa toksoplazma," alisema. "Hutoka kwenye kinyesi cha paka, kikaingia kwenye udongo, kwenye maji, kwenye mboga, kwa mnyama anayekula majani. Wengi wetu kinatupitia wala hatujui. Lakini kikikupata mara ya kwanza ukiwa mjamzito, kinaweza kumfikia mtoto. Kichwa chake. Macho yake."

"Na mimba yangu ya kwanza?"

"Siwezi kujua, dada. Hakuna aliyekupima."

"Basi nipime sasa."

"Hapa hatuna kipimo. Kipo hospitali kubwa, na huko hawapimi mpaka uulize. Uliza. Usione haya."

Nyumbani alikunja mkono wa gauni mbele ya mama mkwe, akamweleza yote. Bibi alizitazama nyayo, ambazo zilikuwa zimekaribia bega. Kisha akautazama mtungi wa maji pale pembeni, mtungi aliokuwa akiujaza yeye mwenyewe kila siku tangu mwanawe aoe, maji ya tangini, mabichi, yasiyochemshwa. Alitwaa sufuria kubwa, akawasha moto. Habari ya matenga haikusikika tena katika nyumba ile.

Fundi baiskeli alifunga mto kwenye keria, akampakia mkewe, wakaenda hospitali kubwa polepole wakikwepa mashimo. Daktari alitoa damu, akasoma majibu, akapima nyayo kwa utepe, akaandika dawa. Mwuza mchicha alizimeza bila kuruka siku. Nyayo zikavuka bega, zikafika kwenye mtulinga, chini ya shingo, zikasimama. Kila asubuhi mumewe alizikagua kabla ya kunywa chai.

"Zimelala," alikuwa akisema, akaenda zake kazini.

Sokoni, wanaume kadhaa waliazimia kuwaua paka. Mwuza mchicha aliwakuta na marungu mkononi.

"Paka wamekuja kwa ajili ya panya," aliwaambia, "na panya wamekuja kwa ajili ya lile jaa. Na aliyeondoa mfuniko wa tangi si paka."

Wote wakageuka. Mwenyekiti wa soko alikuwa ameketi kivulini, chini ya mfuniko wa tangi, alioufanya paa la kiti chake miaka mingi nyuma.

"Tutalijadili," alisema mwenyekiti.

Marungu yakawa kuni. Mpishi aliongeza jiko la pili, na wanawake wenye mimba wakawa wanachota kwake maji yaliyochemshwa. Mwuza viatu aliwatafutia glavu za kupalilia. Wengine walikwenda hospitali kubwa, wakauliza.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, msichana, sauti kama king'ora. Daktari alimmulika macho, akampima kichwa, akasema kwa sasa haoni kasoro, ila awe analetwa kuchunguzwa. Nyayo za mamake zimebaki palepale kwenye mtulinga, zimefifia. Akivaa gauni la shingo pana watu hudhani ni urembo.

Jaa halijazolewa. Mwenyekiti bado yuko chini ya mfuniko wake, na juu ya maji ya tangi nyayo zimezidi, siku hizi zimo na za vitoto vya paka. Watu huchota, wakaenda kuchemsha.

Mtoto alipotimiza miezi miwili, bibi alimpakata mlangoni penye mwanga. Akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la nguo yake, akaupitisha mbele ya uso wa mtoto, kushoto, kisha kulia. Macho yakaufuata. Akarudia, taratibu zaidi. Yakaufuata tena.

"Njoo utazame, mwanangu," alimwita mke wa mwanawe. "Anaona."